Karani wa Majani na Gita la Besi

Kwa miaka miwili nilimjua mtu huyu kwa mgongo tu. Ulikuwa mgongo mpana, wenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mishono, na ulikuwa ukiinama kidogo upande wa kushoto kila besi iliposhuka chini. Jumapili alasiri, katika ukumbi mmoja ulioko njia ya kutoka mjini Kisii kwenda Mosocho, wapigaji wenzake walikuwa wakiwatazama watu, wakitabasamu, wengine wakikonyeza wasichana wa watu. Yeye alitupa mgongo tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, uso wake kwa ngoma na ukuta.

Sisi vijana tuliopenda besi tulilijadili jambo hilo kwa uzito mkubwa.

"Ni mbinu," alisema binamu yangu, ambaye alikuwa amefika Nakuru na kwa hiyo alijua kila kitu. "Sauti ya besi huenda kwa ukuta kwanza. Ukiipigia ukuta inarudi ikiwa nene."

Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na nilikuwa nimesoma fizikia, nikakubali. Kwa miezi mitatu nilifanya mazoezi nyumbani nikiwa nimeelekea ukuta wa jiko la mama, na gita langu la ubao na nyaya za breki za baiskeli. Mama alikuwa akipita na sufuria, ananitazama, anaendelea na shughuli zake. Siku moja alimwuliza jirani, kwa sauti ya kunifikia, "Kwani huyu ameadhibiwa na nani?"

Sikuwa peke yangu. Wakati ule, kutoka Mosocho mpaka Keroka, ungeweza kuingia katika ukumbi wowote ukakuta mpiga besi kijana amewapa watu mgongo, ametulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya hospitali. Wote walikuwa wamemwiga huyu mmoja.

Nitasema mapema nilichomfanyia, ili msomaji asije akanipenda bure. Mtu huyu alitaka jambo moja maishani: besi yake isikike kwenye santuri, safi, jinsi alivyoisikia kichwani mwake. Kidole chake kilikuwa kinamwacha, akajua hatawahi. Akanifundisha mimi niipige badala yake. Siku ilipofika, sikwenda.

Hayo mengine yote ni maelezo.

Uso wake niliuona mwaka ambao kampuni ya chai ilimhamishia kituo chetu cha kununua majani, upande wa Nyamira, hatua kama mia mbili kutoka kwetu. Kwangu umbali huo ni mzuri sana. Mpaka leo sipendi kwenda mahali ambapo siwezi kusikia kuku wetu. Karani mpya alikuja, akasimama nyuma ya mizani, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye masharubu membamba na macho ya kuchagua. Sikumtambua. Kisha akageuka kutundika gunia kwenye ndoano ya mizani, nikaona mgongo. Nilikuwa nimebeba kikapu cha mama, nikakiangusha.

"Okota," alisema bila kugeuka. "Na yale ya chini usinichanganyie."

Huyo ndiye Karani. Jina lake watu wote walilijua na hakuna aliyelitumia.

Katika kazi yake hakuwa na undugu na mtu. Sheria ya chai ni majani mawili na chipukizi. Akina mama wa kwetu waliijua sheria hiyo, ila pia walijua kwamba jani la tatu lina uzito, na kikapu hakina mdomo wa kusema. Karani alikuwa anaingiza mkono mpaka chini ya kikapu na kutoa jani gumu moja, analiinua juu kama mtu aliyekuta nyoka.

"Mama, hili ni la kupikia au la kufunikia nyumba?"

Watu wanacheka, mama mwenyewe anacheka, halafu anaketi chini kuchambua kikapu kizima upya. Siku ambayo nilipiga vizuri kuliko siku zote, akanitikisia kichwa cha kukubali, mama yangu alifika nusu saa baadaye na kikapu chake. Karani akakirudisha.

"Na mwanangu unamfundisha," mama alisema.

"Muziki ni muziki, mama. Jani ni jani."

Mafunzo yenyewe yalianza kwa sababu ya lori. Majani yakishapimwa, lori la kiwanda lilitakiwa kuja kuyachukua, lakini mvua ya kwetu hunyesha alasiri kama ratiba ya shule, barabara inageuka uji, na lori linakwama mahali fulani ambapo dereva ana marafiki. Basi tulikuwa tunasubiri. Karani alikuwa anaingia stoo, anatoa gita la besi la bendi lililofungwa kwa blanketi la kijivu. Bendi ilimwachia alitunze, maana kiongozi wao, mpiga solo, hakumwamini mtu yeyote ila asiyekunywa pombe, na kwenye bendi hiyo hakukuwa na mwingine.

Hapakuwa na umeme. Amplifaya ilikuwa inatumia betri za gari na ilikaa ukumbini. Gita la besi bila amplifaya halisikiki zaidi ya mtu anayejikuna. Karani alikuwa na dawa yake. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa stoo, mlango mnene wa mbao, akaegemeza pembe ya gita kwenye mbao hizo na kupiga. Mlango wote ukaunguruma. Ukiweka kiganja juu yake ulisikia noti ikipita kama paka anayefurahi.

Akina mama waliokuwa wakijikinga mvua walizoea. "Mlango leo umeamka vizuri," walisema, na ilipofika zamu yangu, mmoja wao, mjane mwenye ulimi mrefu, akasema, "Karani, huyu mwanafunzi wako anapiga kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye begi."

"Ataupata," alisema Karani.

"Sisi tutakuwa tumezeeka."

"Nyinyi mmekwisha kuzeeka. Yeye ndiye ana wakati."

Jambo la kwanza alilonifundisha lilikuwa kugeuka. Nilikuwa nimeketi nikiuelekea mlango, mgongo kwa watu, nikingoja anisifu. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamweleza habari ya ukuta na unene wa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sasa naona lilikuwa la kikatili.

"Mimi huangalia mguu," alisema.

"Mguu gani, mzee?"

"Wa mpiga ngoma. Ule unaokanyaga ngoma kubwa. Besi na mguu ule ni mtu mmoja. Ukiuona ukishuka, unashuka nao. Sasa wewe unaangalia mguu wa nani hapo?"

Hapakuwa na mguu. Kulikuwa na komeo la mlango. Nilihesabu kimya kimya vijana wote kutoka Mosocho mpaka Keroka waliokuwa wameelekea kuta, nikaona nisiwaambie. Wangeniuliza nimejuaje.

La pili lilikuwa vidole. Mimi nilikuwa napiga kwa dole gumba, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza nzi. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza chini juu, akaukagua kama kikapu.

"Majani mawili na chipukizi," alisema. "Kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyofanya kazi. Gumba ni chipukizi, kanakaa hapa, kametulia. Hiki kikipiga, kile kinajiandaa. Kile kikipiga, hiki kinajiandaa. Kama miguu ya mtu anayetembea. Umewahi kuona mtu akiruka na mguu mmoja mpaka Nyamira?"

Nilipokuwa narudiarudia kidole kimoja, kama wanavyofanya wavivu wote, alinituma shambani. Nilitakiwa nichume mstari mzima wa chai nikitumia vidole hivyo viwili kwa zamu, mkono wa kulia, bila kukosea zamu. Nikikosea narudi mwanzo wa mstari. Mama aliponiona shambani alfajiri kwa hiari yangu alidhani nimeokoka. Kwa wiki sita chai yetu ilichumwa vizuri kuliko ya jirani yeyote, na ngozi ya vidole vyangu ikawa nyeusi kwa utomvu na ngumu kama kisigino. "Sasa una vidole," alisema Karani. "Tutafute mtu wa kuvitumia."

Mkono wa kushoto ndio aliouhangaikia zaidi. Alisema watu wengi hukaba shingo ya gita kama wanaoshika kuku wa kuiba. Alitaka gumba likae nyuma ya shingo, katikati, lilegee. Kila kidole kipewe chuma chake, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na kisiende kutembelea cha mwenzake. Na kidole kibonyeze karibu na chuma, kwa nguvu ile tu inayotosha. Alikuwa ananiambia nibonyeze kidogo kidogo mpaka noti itoke safi, halafu niishie hapo. "Inayozidi hapo ni hasira," alisema, "na hasira inachosha mkono."

Halafu polepole. Ee Mungu wangu, polepole. Alinipigisha noti nne kwa mwendo ambao kuku angepita kati ya noti moja na nyingine, akarudi, akapita tena. Nikilalamika, alisema, "Ukikosea polepole utajua ulipokosea. Ukikosea haraka utajisifu."

Na mapengo. Alikuwa akisema besi ya kijana inajulikana kwa sababu haifungi mdomo. Noti ikishafanya kazi yake aliifunga kwa kiganja, ikanyamaza kabisa, na katika kile kimya ungeona bega la mama mmoja pale kwenye benchi likicheza lenyewe. "Umeona? Watu wanacheza kwenye pengo. Hawachezi juu ya kelele."

Nilimwuliza siku moja kwa nini kati ya vijana wote alinichagua mimi. Nilitegemea aseme nina sikio.

"Hutoki," alisema. "Wenzako wakishika noti tatu wanaenda kutafuta mahali pa kuonekana. Wewe hutoki. Besi inamtaka mtu asiyetoka."

Nililibeba neno hilo kama nishani. Kila aliyenicheka kwa kukaa nyumbani nilimtazama kwa huruma.

Sasa kuhusu kanisa. Karani alikuwa Msabato, na hakuwa wa mzaha. Ijumaa jua lilipoinama aliliweka gita kwenye blanketi na hakuligusa tena mpaka Jumamosi jua lizame, hata kama wimbo ulikuwa umebaki noti mbili tu. Kwenye kwaya aliimba sauti ya besi, safu ya nyuma, na wengine wakipotea kwenye wimbo walimtegea yeye sikio. Wakati huohuo kanisa lake lilikataza kumbi za dansi, na kila Jumapili alasiri yeye alikuwa ukumbini. Wazee wa kanisa wakaja kituoni siku moja, watatu, na miavuli yao.

"Ndugu," alisema mkubwa wao, "kuna mtu ameonekana kule Mosocho anapiga gita la dunia. Wanasema anafanana sana na wewe."

"Mlimwona uso?"

Wazee wakatazamana. "Uso hapana. Alikuwa amewapa watu mgongo."

"Basi mtafuteni mwenye mgongo huo," alisema Karani, akarudi kwenye mizani yake.

Kwa hiyo sikuwahi kujua hasa kwa nini aliwapa watu mgongo. Labda ni mguu wa mpiga ngoma, labda ni wazee wa kanisa. Nilipomwuliza tena alisema mguu. Ila alisema haraka, na yeye ndiye aliyenifundisha kuwa makosa hufanywa haraka.

Obokano hakutaka hata kuisikia. Ni kinanda kile kikubwa cha nyuzi nane cha Wagusii, chenye sauti nzito ya kuvuma, ambacho wazee walipiga kwenye harusi na kwenye pombe, na kanisa likakihesabu pamoja na pombe hiyo. Mpiga obokano mmoja alikuwa anakuja sokoni Nyamira siku za soko. Karani akimwona mbele alivuka barabara. Alisema ni mambo ya giza.

Siku moja mvua ilikuwa imetuweka hapo tena. Alikuwa anapiga kwenye mlango ule mstari wa besi wa wimbo wake aliouthamini kuliko zote, ambao unapanda hatua tatu kisha unashuka kwa kuvuma chini kabisa na kukaa huko. Mama yangu alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akasimama.

"Hiyo ilipigwa siku nilipoolewa," alisema.

"Hapana, mama," alisema Karani. "Hii nimeitunga mimi."

"Ilipigwa na yule mzee mwenye jicho moja. Kwa obokano. Nilikuwa naletwa, mvua ikanyesha, akaipiga mpaka ikaisha."

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa."

"Sijasema wewe ni mtu wa nini. Nimesema ilipigwa." Akaenda na majani yake.

Karani alizifunga nyuzi kwa kiganja. Baadaye akasema, "Mama yako ana masikio mabaya sana." Nikafahamu kwamba ana masikio mazuri. Mstari ule hakuubadilisha hata noti moja. Tena tangu siku hiyo, mama akipita, alikuwa anaupiga kwa sauti ya juu zaidi, naye mama alipunguza mwendo, na hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Kidole chenyewe alinionyesha mimi peke yangu. Kilikuwa cha pete, mkono wa kushoto. Miaka mingi nyuma ndoano ya mizani ilikuwa imekikamata, kikapona vibaya, na sasa asubuhi za baridi hakikunjiki. Mwanzoni kilikuwa kinachelewa kidogo. Kisha kikawa kinafika wakati noti imeshapita. Ukumbini alikuwa anakizunguka, anaruka noti, anatumia kidole cha mwisho, na kwa kuwa aliwapa watu mgongo hakuna aliyeona. Lakini ule mstari wake, pale unapopanda hatua tatu, hatua ya tatu ni ya kidole hicho. Haina njia nyingine.

"Mpiga solo amepata nafasi Nairobi," aliniambia. "Wataturekodi. Wimbo huu ndio wanaoutaka. Utaupiga wewe."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nitakaa kwenye kiti nisikie. Nimeupiga miaka yote hii, sijawahi kuketi nikausikia."

Tulijiandaa miezi miwili. Nasema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo tu, kwamba niliupiga sawasawa. Hatua ya tatu ilikuwa inafika kwa wakati, nzima, mlango unaunguruma, na Karani alikuwa anafumba macho. Yule mjane mwenye ulimi alisema, "Ameupata ufunguo," na hakuongeza neno.

Tulikubaliana kukutana mjini Kisii Jumapili asubuhi, saa moja, pikapu ya kukodi itakapokuwa inangoja. Mama alikuwa amenifungia ndizi na kuku wa kuchoma. Nilivaa viatu. Nilifika mpaka kwenye lango letu la miti. Hapo nikasimama na kufikiria chumba kisichokuwa na dirisha, na kipaza sauti, na watu nisiowajua nyuma ya kioo wakiwa wamekunja mikono. Nyumbani nikikosea mlango ndio unaosikia, na mlango hausemi. Kule nikikosea itaandikwa kwenye santuri na mtu wa Kitui ataisikia akinywa chai. Nilikaa juu ya jiwe. Ng'ombe wetu alikuwa karibu pale anatafuna, ananitazama bila neno baya.

Nikamtuma binamu yangu kwa baiskeli. Nikamwambia aseme ng'ombe anazaa vibaya, siwezi kuondoka.

Binamu alirudi alasiri. Alisema walikuwa wamenisubiri tangu saa moja, na hata baada ya kupata ujumbe Karani aliwaomba wasubiri tena, akisema ndama akishatoka nitakuja tu. Walisubiri mpaka saa sita. Kisha mpiga solo akasema Nairobi haisubiri ndama, wakapanda. Mama alikuwa amekaa mlangoni anayasikia hayo yote. Alimrudisha yule kuku wa kuchoma jikoni, akanipakulia mchicha.

Aliyepiga ni Karani mwenyewe.

Santuri ilitoka baada ya miezi michache, ikapendwa kuliko tulivyotarajia. Ilipigwa Nyamira, Keroka, Kisii, kila duka lenye gramafoni. Na kila inapofika pale, besi inapanda hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu inasema "tup", imekufa, kama mtu aliyekanyaga kitambaa. Kisha inashuka chini vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea. Inarudi mara kumi na moja katika wimbo huo. Mara zote kumi na moja kidole hakikufika.

Vijana waliipenda ile tup. Walidhani ni mtindo. Wapiga besi wa kwetu wakaanza kuiua noti ya tatu kwa makusudi, wakifanya mazoezi ya kuiua, wakisifiana nani anaiua vizuri zaidi. Mwenye duka mmoja pale Nyamira aliongeza sauti niliponunua sabuni, akainua kidole. "Ngoja, ngoja, inakuja. Umesikia? Huyo mzee ni hatari." Nilisema nimesikia. Niliacha sabuni kwenye meza nikarudi nyumbani.

Karani hakuniuliza habari ya siku ile. Alirudisha gita kwa bendi, akasema amechoka. Kituoni alikuwa ananisalimu, anaingiza mkono kwenye kikapu, anatafuta jani gumu. Nilitamani alipate, angalau tuzungumze. Hakulipata. Chai yangu ilikuwa safi, nilikuwa bado nachuma kwa zamu. Mwaka uliofuata wakamhamisha.

Ilipita miaka saba. Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya sabini, nimeoa, nina watoto wawili na sifa ileile ya kutokwenda popote, dereva wa lori la kiwanda aliponiambia kwamba yule karani wa zamani amestaafu, yuko kwake upande wa Nyamache. "Anapiga tena," alisema. "Lakini nafikiri kichwa kimemruka. Anapiga kinyume."

Nilikwenda. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Nilimkuta barazani, kati ya mikungu ya ndizi iliyosubiri siku ya soko. Nywele zilikuwa nyeupe, shati jeupe vilevile. Alikuwa na gita la besi alilochongewa na seremala, na alikuwa amelishika upande usio wake: shingo imeelekea kulia, mkono wa kulia ndio unaobonyeza, wa kushoto ndio unaopiga. Nyuzi alikuwa amezihamisha zote. Alinitazama kutoka viatuni mpaka usoni.

"Umefika mpaka hapa," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mzee. Nimekuja kukusalimu."

"Wewe?" Akasogea kwenye benchi. "Kaa basi, kabla hujabadili mawazo."

Mkewe alileta chai, tukazungumza habari za mvua na za mama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, na yote yakanitoka vibaya. "Yule ng'ombe hakuwa anazaa," nilisema.

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Tulirudi kutoka Nairobi Jumatano. Alhamisi nilimwona anakula kando ya kituo. Tumbo lake lilikuwa la nyasi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungetafuta ng'ombe mwingine." Alikunywa chai. "Nilikukasirikia miaka mitatu hivi. Nilikuwa nikisikia ile santuri natoka dukani. Halafu siku moja nikajiuliza, nani alimchagua mtu asiyetoka, akamwambia atoke? Hilo lilikuwa kosa langu. Nikabaki na lako tu, na lako peke yake halikuwa zito kama nilivyodhani."

Nilitazama mikono yake. Kidole cha pete cha kushoto kilikuwa kimenyooka kama penseli, kimekaa nje ya kazi, hakimsumbui mtu. Nikaelewa alichofanya. Mkono wa kupiga hauhitaji kidole hicho.

"Vidole vya kulia havijui kitu," alisema. "Ni vya mtu mzima lakini havijui kitu. Nilianza mwaka juzi, kama mtoto. Mke wangu alihamia jikoni."

"Bado niko jikoni," sauti ya mkewe ilisema.

"Piga hilo benchi," Karani aliniambia. "Fanya mguu. Mwendo wetu ule."

Nikapiga benchi kwa kiganja. Akaanza ule mstari. Ulikuwa vibaya. Ulikuwa vibaya kweli, msomaji, noti zilikuwa zinajikwaa, nyingine zilivuma ovyo, na kila alipofika mahali pa kupanda alichelewa. Mimi kwa aibu na kwa upendo nikawa napunguza mwendo, nikimngoja kila hatua, nikidhani hatambui.

Akasimamisha nyuzi kwa kiganja.

"Unanisubiri," alisema.

"Kidogo, mzee."

"Usinisubiri. Nitakufikia."

Basi nikapiga benchi kwa mwendo wake wa siku zote, bila kumtazama, na nikasikia akinifuata nyuma, amechelewa, amepotea, amerudi, amechelewa tena. Mkono ulianza kuniuma. Mkewe alitoka jikoni na kusimama mlangoni. Mara ya nne au ya tano tulipozunguka, akapanda hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikafika pamoja na kiganja changu, nzima.

Akashuka chini kabisa, na mimi sikuacha kupiga.